Mawe ya Januari na Mawe ya Machi

Siku niliyokabidhi ofisi, binti aliyechukua nafasi yangu aliniuliza ni kazi gani iliyonishinda katika miaka yote ya ubibi shamba. Nadhani alitegemea nimtajie viwavijeshi, au wakulima wabishi. Nilimwambia nitaandika, maana mambo mengine nikiyasema kwa mdomo huwa nayafupisha mpaka yanakuwa mepesi. Basi nawaandikia nyote mnaoanza kazi hii. Vyeo sitavigusa, havikuwa vingi. Mshahara nao kila mmoja wenu anaujua ulivyo.

Nilifika Mpanda mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa treni ya kutoka Tabora. Kwetu ni Urambo, kwa hiyo sikuwa nimetoka mbali, lakini treni ile ilikuwa na namna yake ya kukufanya ujione umetoka mbali. Tulishuka tukiwa na vumbi hadi kwenye kope. Mkoa wa Katavi haukuwepo. Mpanda ilikuwa wilaya tu chini ya Rukwa, na barua ukiituma Sumbawanga wakati wa masika uliweza kuisahau kabisa. Nilipanga chumba Kawajense kwa mama mmoja muuza vitumbua, nikapangiwa vijiji vya upande wa Kasokola, nikapewa baiskeli ya kiume isiyo na breki ya mbele. Nilimwuliza aliyenikabidhi habari ya breki. Akasema Kasokola ni tambarare.

Wiki ya kwanza sikufundisha mtu chochote. Nilitembea nyuma ya Bwana Simbeye, bwana shamba wa siku nyingi aliyebakiza miaka miwili kustaafu, mtu mrefu, mkimya, aliyevaa koti la mvua la kijani hata kiangazi. Chuoni nilikuwa nimefundishwa mbolea, wadudu na nafasi za kupandia. Yeye alinifundisha kuingia kwenye shamba la mtu. Unasimama pembeni mpaka ukaribishwe. Huanzi na kasoro. Unamwuliza kwanza mwenye shamba anaonaje mwenyewe.

"Wewe umekuja saa tatu na baiskeli," aliniambia. "Yeye yupo hapa tangu alfajiri na jembe. Mwache aseme."

Ni yeye pia aliyenionyesha jinsi ya kupima mahindi yaliyoumia. Usiangalie majani, alisema, majani yanadanganya. Ng'oa mche mmoja, upasue bua kwa urefu kuanzia chini, utafute kale kamoyo ndani, pale majani mapya yanapozaliwa. Moyo ukiwa mweupe na mgumu, mche uko hai, hata kama juu umechanika namna gani. Ukiwa wa kahawia na unateleza, umekufa. "Lakini ngoja siku tano," alisema. "Siku ya kwanza kila moyo ni mweupe."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari. Miaka miwili baadaye alistaafu, akarudi kwao Mbozi, nami nikabaki peke yangu na vijiji vyote.

Kitongoji ninachotaka kukisimulia kilikuwa ng'ambo ya kijito, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kutoka Kawajense. Nusu yake walikuwa wenyeji wa zamani, Wakonongo na Wabende, na nusu Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Watu wawili tu nitawataja sana. Wa kwanza ni Masanja, Msukuma wa makamo, mlimaji wa jembe la kukokotwa na ng'ombe, mwenye shamba kubwa kuliko wote pale. Aliniita "mayu", yaani mama kwa lugha yao, ingawa alinizidi umri. Wa pili ni Dafroza. Huyu alizaliwa Burundi, akakimbia na wazazi wake akiwa msichana mkubwa, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, akaolewa hapo kitongojini na Mkonongo. Mume alikuwa ameshafariki. Aliishi na binti yake Konsolata, na Konsolata alikuwa na mtoto mchanga wa kike, Eliza. Dafroza alisema "kurima" badala ya kulima, na alilima kuliko yeyote kati yetu tuliokuwa tukilitamka sawasawa.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu. Mvua zilikuwa zimeanza vizuri, watu walikuwa wamepanda kwa mistari kama nilivyowahimiza, na mwezi wa kwanza ulipofika katikati mahindi yalikuwa yamepita magoti. Siku hiyo nilikuwa shambani kwa Dafroza, tunahesabu mashimo yaliyokosa mimea. Konsolata alikuwa kijitoni anafua, Eliza mgongoni.

Yapata saa nane mchana wingu lilisimama upande wa milima. Lilikuwa jeusi chini, na katikati lina rangi ya ukijani kama maji yaliyolala kwenye dimbwi. Upepo ulikatika. Kisha nikasikia mngurumo usiokatika, kama lori linalopita kwenye changarawe, na nikageuka kuangalia barabarani.

"Si gari hiro," Dafroza alisema. "Twende ndani."

Tulikimbia. Mawe ya kwanza yalikuwa kama punje za karanga, yanaruka yakigusa ardhi. Tulipofika mlangoni yalikuwa kama ndimu. Nyumba ya Dafroza ilikuwa ya nyasi, na nyasi ndizo zilizotuokoa, kwa sababu zilimeza kishindo. Baadaye niliona bati za shule ya msingi. Zile za zamani zilikuwa zimetobolewa, na mwalimu aliniambia watoto walikaa chini ya madawati wakiwa wameziba masikio. Sisi ndani tulisikia mdundo mzito tu usio na nafasi katikati. Dafroza alisimama mlangoni akiita jina la binti yake. Sauti haikufika hata uani. Alitaka kutoka, nikamshika. Aliniburuta mpaka kizingitini, na jiwe moja likampiga begani, akarudi ndani mwenyewe.

Sijui ilichukua muda gani. Nadhani si zaidi ya robo saa. Ilipolegea, Konsolata alitokea kwenye kona ya nyumba akitembea polepole, amemhamishia mtoto kifuani, na juu yao wote ameshikilia beseni la bati alilokuwa akifulia. Beseni lilikuwa limebonyea kila mahali. Vidole vyake vilivyokuwa vikilishika ukingoni vilikuwa vimevimba, viwili vimevunjika, kucha zimekuwa nyeusi. Alijaribu kuliachia lakini vidole havikukunjuka. Tulimbandua vidole kwenye beseni kimoja kimoja. Eliza hakuwa na mkwaruzo. Alikuwa amelala.

Nje palikuwa peupe. Watu wa kwetu huona barafu kwenye soda tu, na hapo ilikuwa imetanda hadi mwisho wa shamba, imerundikana kwenye kuta mpaka kimo cha kifundo cha mguu. Kulikuwa na baridi inayotoka chini. Jambo ninalolikumbuka kuliko yote ni harufu. Ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyopondwa, nzuri kabisa, kama ya mboga inayokatwakatwa jikoni, ila ilitoka kwenye mashamba yote kwa pamoja. Watoto wa jirani walitoka wakaanza kuokota mawe na kuyala. Hakuna aliyewakataza. Chini ya miti kulikuwa na ndege waliokufa, na kuku wa Dafroza wote waliokuwa nje walikuwa wamelala uani.

Mahindi yalikuwa yamebaki vijiti na nyuzi. Tumbaku ya majirani ilikuwa kama matambara.

Masanja alikuja jioni. Alikuwa amepoteza ndama wawili na mbuzi sijui wangapi, hakupenda kusema. Alisimama na fimbo yake akaangalia shamba la Dafroza kama mtu anayeangalia la kwake.

"Kesho nafunga ng'ombe," aliniambia. "Nageuza ardhi yote. Naweka kunde na viazi. Mvua bado ipo."

"Ngoja siku tano," nikamwambia.

"Za nini?"

Nikamweleza habari ya moyo wa mche. Alisikiliza kwa heshima. Akaniuliza kama nimewahi kuona kwa macho yangu. Nikasema nimeona. Nilikuwa nimeona kwenye mashamba yaliyoliwa na ng'ombe, si yaliyopigwa na mawe, lakini hilo sikulisema.

Siku ya tano niliitisha mkutano kwenye shamba lake. Walikuja karibu wote. Niling'oa miche kwenye kona nne na katikati, nikaipasua mbele yao, nikawapa washike. Mioyo ilikuwa myeupe na migumu. Kwenye mche mmoja tayari jani jipya lilikuwa limejikunja ndani kama karatasi. Niliwaambia wasing'oe. Nikawaambia waongeze mbolea ya samadi, wapalilie, na mwezi wa pili wataniambia. Msigeuze ardhi, nilisema, mtakuwa mmeua mimea iliyo hai kwa mikono yenu. Nilizungumza vizuri siku hiyo. Nakumbuka nilivyozungumza, na natamani ningekuwa na kigugumizi.

Baada ya mkutano nilikaa kwenye kigoda nyumbani kwa Masanja kujaza fomu ya tathmini. Ofisi ya juu, ambayo siitaji, ilikuwa imetaka fomu kutoka kila kitongoji kilichopigwa, ili ijulikane nani atahitaji chakula cha msaada. Ilikuwa karatasi moja na nakala mbili za kaboni. Kulikuwa na sehemu ya kuandika kiasi cha mvua, lakini ya mawe haikuwepo. Mwishoni kulikuwa na visanduku vitatu: mazao yamepotea, mazao yatapona kwa sehemu, mazao yatapona.

Masanja hakujua kusoma, lakini alijua fomu.

"Unaandikaje hapo?"

"Ninachokiona. Kwamba yatapona."

Akamwambia mkewe aniletee maziwa. Kisha akasema, taratibu, "Mayu, andika yamekwisha. Yakipona, nani atalia?"

"Siwezi kuandika uongo, mzee."

"Sikwambii uandike uongo. Nakwambia hujui. Hata mimi sijui. Mavuno ya mwezi wa tano bado."

"Kuna vijiji ambavyo kweli vimepoteza kila kitu," nikasema. "Tukidanganya sisi, tunachukua chakula chao."

Hilo lilikuwa kweli, na mpaka leo naliona ni kweli. Niliweka alama kwenye kisanduku cha tatu. Nikaweka sahihi. Masanja alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayekubali kwamba mgeni ana desturi zake.

Mtu mmoja tu hakunifuata. Alikuwa mlevi anaitwa Petro, ambaye hakuja mkutanoni kwa sababu alikuwa amelala. Alipoamka aliona shamba lake limeharibika, akalifyeka, akachomeka viazi na mihogo, akarudi kwenye pombe. Mwaka ule wote Petro ndiye aliyekuwa na chakula, na nilishuhudia wazee wakitangulia kumsalimia.

Mwezi wa pili mahindi yalipona. Si mazuri kama ya kwanza, lakini yalitoa majani mapya, yakanyanyuka, yakajaa. Watu walinipigia makofi njiani. Mke wa Masanja alinipa jogoo. Nilikuwa napita na baiskeli katikati ya mashamba yale kama vile nimeyaotesha kwa mikono yangu, na niliandika barua kwa Bwana Simbeye kumweleza. Siku zile za furaha ndizo zinazonipa shida zaidi ninapozikumbuka.

Mawe ya Machi sikuyaona yakianguka. Nilikuwa Kawajense, na mjini ilinyesha mvua ya kawaida tu, tena ya kupendeza. Nilisikia mtu sokoni akisema Kasokola wamepigwa tena, nikadhani anasimulia ya Januari. Asubuhi nilipanda baiskeli. Nilipovuka daraja la pili niliisikia ile harufu kabla sijaona chochote.

Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele na ndevu, magunzi yalikuwa yanaanza kuweka maziwa. Mawe yalikuwa yamevunja mabua chini ya magunzi. Yaliyobaki yamesimama yalikuwa yamechunwa upande mmoja, upande upepo ulikotoka, na magunzi yake yamepondwa, maji meupe yanachuruzika kwenye maganda. Nzi walikuwa wameshafika. Nilitembea kutoka shamba hadi shamba na hakuna aliyenisalimia, si kwa ubaya, walikuwa wamekaa tu. Mtu akiwa na kazi ya kufanya hupata nguvu. Pale hapakuwa na kazi ya kufanya.

Masanja alikuwa amekaa juu ya nira ya ng'ombe wake kwenye ukingo wa shamba. Aliniona, akasimama, akaenda akang'oa bua moja refu, akaniletea.

"Pasua," alisema.

"Mzee Masanja."

"Pasua, mayu, tuone moyo."

Ilibidi nimwambie. Mahindi yakishatoa mbelewele hayana moyo tena. Ule moyo wa kuotesha majani umeisha kazi yake, umegeuka kuwa ile mbelewele yenyewe juu, na mmea hauna kingine cha kuanzia upya. Nilimweleza hivyo nikiwa nimeshika lile bua. Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa nipande nini?"

Mvua zetu huisha mwezi wa nne. Viazi vilihitaji muda, kunde zilihitaji muda, na mbegu zenyewe watu wengi walikuwa wameshazila, kwa kuwa walikuwa wakisubiri mahindi. Nilimwambia ajaribu viazi mabondeni. Alisema mabondeni hana sehemu. Januari alikuwa tayari, ng'ombe wako tayari, mvua ya miezi mitatu ipo mbele yake, na mimi nilikuwa nimemzuia kwa mkono.

Nilijaza fomu ya pili siku hiyohiyo, kisanduku cha kwanza, kwa mwandiko wa kukandamiza mpaka kaboni ikatoboka. Niliipeleka mwenyewe. Wiki zilipita. Mwezi wa sita lori la mahindi ya msaada lilipita Kasokola likaenda vijiji vingine. Nilikwenda kwenye ofisi iliyopokea fomu kuuliza. Karani aliyenihudumia alikuwa mama mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua jalada akaziweka fomu zangu mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Dada yangu," alisema, "kitongoji kimoja, msimu mmoja, sahihi moja. Hii inasema yatapona. Hii inasema yamepotea. Tuamini ipi?"

"Ya pili. Walipigwa mara mbili."

"Ya pili imefika orodha imeshafungwa. Orodha ilitokana na fomu za Januari."

"Si inaweza kufunguliwa?"

Akavua miwani. "Mimi siwezi. Andika barua."

Niliandika barua. Niliandika tatu. Nikapanda lori hadi Sumbawanga, siku mbili njiani tukinasa kwenye mchanga, nikaonana na ofisa aliyenisikiliza vizuri na kunisifu kwamba fomu yangu ya Januari ilikuwa miongoni mwa chache zilizojazwa kitaalamu. Alisema wengine wote waliandika yamepotea, hata pale yalipokuwa hayajapotea. Alisema hivyo kwa kunipongeza. Aliahidi kuangalia mgao unaofuata. Mwezi wa tisa yalikuja magunia machache, wakagawana kwa bakuli.

Masanja aliondoka mwezi wa saba, kabla ya hapo. Ng'ombe wake aliokuwa akiuza mmoja mmoja kununulia mahindi walikuwa wanapungua, akaona bora ahame akiwa bado na wa kulimia. Alikwenda upande wa Kasekese, ambako alikuwa na ndugu. Nilimkuta siku wanapakia mkokoteni. Nilitaka kumsaidia kubeba, mkewe akanipokonya kinu nilichokishika, akakipakia mwenyewe.

Kabla hajaondoka nilimwambia habari ya orodha, na fomu ya Januari. Nilimwambia kwa sababu nilidhani lazima nimwambie mtu, na yeye alikuwa anaondoka. Alifunga kamba ya mkokoteni, akaivuta kuipima.

"Sikuchukii, mayu," alisema. "Ila huko niendako sitaki bibi shamba."

Sikumwona tena.

Dafroza hakuwa na pa kwenda. Konsolata hakuweza tena kushika jembe sawasawa, vidole vile viwili viliunga vibaya. Mama mtu alifanya vibarua kwenye bustani za watu kwa malipo ya chakula, kwa Petro pia. Walichimba mizizi porini, ile inayolazimika kulowekwa na kuchemshwa mara kadhaa ili isikudhuru. Nilipeleka nilichoweza kutoka kwangu, na nilichoweza kilikuwa kidogo, na nilianza kupita pale mara chache zaidi. Hilo nalo niliandike. Nilikuwa na vijiji vingine, na baiskeli ilikuwa mbovu, na sababu nyingine za aina hiyo, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kukaa kwenye kigoda cha Dafroza nikiwa nimeshiba.

Maziwa ya Konsolata yalikauka mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na mbili, mvua mpya zimeshaanza, Eliza alishikwa na homa akafa kwenye zahanati siku ya pili. Karatasi iliandikwa malaria. Na malaria ilikuwepo, sibishi, mbu walikuwa wengi. Lakini nilimwona mtoto yule. Alikuwa amekaribia mwaka mmoja na nusu na hakuwa ameanza kusimama. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye udongo laini, tayari kwa kupanda. Padre hakuweza kufika, mto ulikuwa umejaa. Dafroza aliongoza sala mwenyewe kwa Kirundi. Konsolata alisimama ameshika mkono wake mbovu kwa ule mzima.

Nilikaa wiki nyingi bila kwenda. Nilipokwenda, mwezi wa pili, nilimkuta Dafroza peke yake akipalilia. Konsolata alikuwa amekwenda kwa shangazi yake Katumba. Mbegu ya mihogo alikuwa ameazima kwa Petro. Mahindi yalikuwa machache, yamechanganyika na mihogo, bila mstari wowote, na sikusema kitu juu ya mistari.

Nilimsaidia kupalilia hadi jua likapanda. Tulipokaa kivulini nilimwambia. Nilimweleza fomu, visanduku, orodha, karani, safari ya Sumbawanga. Nilimwambia kwamba lori liliwapita kwa sababu ya alama niliyoweka mimi. Aliniacha niseme yote.

"Najua," alisema. "Masanja arituambia aripopita kuaga."

"Toka mwezi wa saba unajua?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuriza nini?"

Nikaanza kumweleza kwamba mioyo ya miche ilikuwa myeupe, kwamba aliiona mwenyewe, aliishika. Nikamwambia niliandika kile nilichokiona.

"Ni kweri," alisema. "Hata mimi niriona." Aliokota jembe lake, akakwangua udongo kwenye mpini. "Ningekuwa mimi, ningeongopa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama ninavyoweza kukwambia kwamba mimi ningepanda mtama na si mahindi. Kisha akarudi kwenye sehemu yake, na mimi nikarudi kwenye yangu, tukaendelea.

Nilikaa Mpanda miaka mingine mitano, halafu nikahamishwa. Niliendelea kujaza fomu, za ukame, za viwavi, za mafuriko, na mawe pia, nikiweka alama kwenye kile nilichokiona, kwa sababu sikuweza kujifunza njia nyingine. Mara nyingine watu walipata chakula, mara nyingine hawakupata. Siwaambii mdanganye. Siwaambii pia kwamba nilifanya sawa. Nimelipeleka neno la Dafroza kwa wakubwa zangu, kwa padre, kwa mume wangu, na kila mmoja alinipa maelezo mazuri, na nimeyasahau yote.

Eliza angekuwa na watoto wake sasa.